Mjusi wa Baba

Mawe ya volkano yakilowa mvua kisha yakapigwa na jua hutoa harufu ya jivu na kutu. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, mwaka tulioikimbia Masisi kwa sababu ya vita, nikiwa bado msichana mdogo. Baba alikuwa mfugaji, na ng'ombe wake wote waliporwa tukiwa njiani. Mwenye kovu usidhani kapoa: mchana kutwa alikaa mlangoni, hana cha kuchunga, hata sahani yake akipelekewa pale pale. Ndipo mjusi mmoja mwenye kichwa cha buluu alipoanza kumjia miguuni. Baba akamlisha panzi, akamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa, akamwita Bihogo, jina la ng'ombe aliyempenda kuliko wote. Alimsemesha Kinyarwanda kwa sauti ya chini, ile ile ya malishoni. Jioni akaanza tena kula pamoja nasi, na wapita njia akawauliza habari za Masisi.

Mvua zilipokwisha, Bihogo alivimba shingo na tumbo. Alipanua kinywa akitafuta hewa, akashindwa kupanda hata jiwe dogo. Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Baba alimtia mjusi wake kikapuni juu ya majani, tukatembea hadi mjini kwa mganga wa mifugo, mwanamke mpole ambaye hakutucheka. Alimgeuza taratibu, akatuonyesha kifua kilivyokuwa kikidunda ovyo.

"Muzee, ni moyo. Inachoka kusukuma damu, njo maana maji inajaa mu mwili."

"Dawa iko?"

"Ya kanyama kadogo hivi sina. Hata batu banaikosaka. Umurudishe tu nyumbani, umuweke fasi ya joto."

Siku zilizofuata baba alihamisha kikapu kila kivuli kilipokifikia. Mchana mmoja nilimkuta amekiinamia.

"Papa, analala?"

"Amekwisha, mutoto wangu. Hata huyu."

Uani hapakuwa na udongo wa kuzikia, akamfunika kwa mawe. Tangu hapo hakuwauliza tena wapita njia habari za Masisi, na sahani yake ikarudi kupelekwa mlangoni. Alikufa miaka michache baadaye, bila kukiona tena kilima hata kimoja cha kwao.

Leo naishi Goma. Maduka ya dawa yamejaa mtaani, na watu wa Masisi bado wanaingia na magodoro kichwani. Utotoni nilijua majina ya malisho yetu yote, kwa kuwa baba aliyataja. Sasa yamenitoka, na wanangu wakiniuliza kwetu ni wapi, nawaambia Munigi.