Sifuri za Bi Kasoro

Wanafunzi wa kompyuta pale chuoni walimbandika mwalimu wao jina la Bi Kasoro, naye akalipokea kwa mikono miwili. Alifundisha kupima programu, somo ambalo walimu wenzake waliliona la kujazia ratiba. Kila muhula aliwapa vijana programu aliyoiharibu makusudi, nao waandike majaribio ya kuifichua kasoro yake.

Safari hii ilikuwa programu ya kukadiria dawa ya maji ya watoto kwa uzito wao. Darasa zima likaleta majaribio yenye alama ya kijani, yaani hakuna kosa lililoonekana. Walifanyaje? Waliiendesha programu, wakanakili jibu ililotoa, wakaliandika hilohilo kuwa ndilo sahihi. Mshtakiwa kajiandikia hukumu, jamani! Bi Kasoro akawatandika sifuri, wote.

Wakaenda kushtaki. Mkuu wa idara akamwita ofisini, mkataba wake mpya ukiwa mezani unangoja saini.

"Mwalimu, darasa zima sifuri? Watu watasema hujui kufundisha. Wapandishie kidogo, nami nitie saini, yaishe."

"Siwapandishii."

"Usiwe na kichwa kigumu, dada yangu. Si majaribio yote ni ya kijani?"

Bi Kasoro aliihitaji kazi ile. Ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Lakini apige magoti kwa sababu ya uvivu wa watu? Thubutu! Alifungua kompyuta yake juu ya mafaili ya mkuu, bila hata kuomba ruhusa.

"Yule mjukuu wako uliyekuja naye juzi ana kilo ngapi?"

"Kumi na mbili. Kwani vipi?"

Akaandika kumi na mbili. Programu ikajibu: vijiko kumi kwa mara moja. Pembeni, majaribio ya wanafunzi yalikuwa kijani tupu.

"Haya, babu, mnyweshe. Si kijani?"

Mkuu alikodolea macho kioo. "Hebu irekebishe hiyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Siirekebishi. Kasoro wataikamata wao, ndiyo kazi yao. Sifuri zinabaki. Huo mkataba utie saini au uuchane, mkono ni wako."

Akabeba kompyuta yake, akatoka. Mlangoni wale washtaki walikuwa wamesimama kwa matumaini, meno yote nje.

"Vipi, mwalimu, tumepandishiwa?"

"Ingieni," alisema, akiwaachia mlango wazi. "Mwambieni mkuu mjukuu wake anywe vijiko vingapi."

Hakuna aliyeingia.