Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Fundi

Mlango wa nyuma wa nyumba niliyonunua mjini Baraka haufungi vizuri. Mbao zake zimevimba kwa mvua, na kila alfajiri upepo wa ziwa unausukuma, unagonga mwimo mara mbili tatu kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. Mume wangu ananiambia kila wiki niite seremala. Nami kila wiki nasema nitamwita. Lakini mlango ule ukigonga, na harufu ya ndagala mbichi, dagaa wetu wa ziwani, ikiingia nao, umri wangu unanitoka. Narudi kuwa mtoto aliyelala kwenye mkeka katika nyumba ya jirani na hii, nikisubiri koko, yaani bibi yangu mzaa mama, aniite nikalinde samaki.

Kama ulipita Baraka zamani zile, karitie yetu, yaani mtaa wetu, utaikumbuka: ile ya juu kidogo ya ufuko, yenye nyumba za matofali ya kuchoma na baraza pana mbele, manjanja, yaani mabati ya paa, yakiwa yameshika kutu rangi ya mawese. Wavuvi walikwenda ziwani usiku na taa zao, wakarudi kunapopambazuka. Bamama walinunua ndagala palepale majini, wakajitwisha mabeseni, wakapanda hadi kwenye kiwanja cha kuanikia kilichokuwa nyuma ya nyumba zetu. Barabara ya kufika huko ilizunguka mbali. Kwa hiyo walikata moja kwa moja: wakapita uani kwa koko, kisha nyuma ya jiko la jirani yetu fundi cherehani, wakatokea kiwanjani. Maji ya mabeseni yaliwachuruzikia mabegani, na mchanga wa njia ile haukukauka kamwe isipokuwa siku za mwezi mkubwa, wavuvi wanapopumzika.

Hakuna aliyebisha hodi. Kila mama alipita akisema tu, "Koko, iko muzima?" na koko akajibu kutoka jikoni bila kuinua kichwa kwenye sombe, majani ya muhogo, aliyokuwa akitwanga. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na jiwe bapa. Kila aliyepita aliinamisha beseni kidogo, akachota ndagala za kiganja kimoja, akaziacha juu ya jiwe. Haikuwa malipo. Ukiziita malipo koko angekukasirikia. Ilikuwa namna ya kusema nimepita kwako. Kazi yangu ilikuwa kuziokota kabla ya bata wa fundi. Mchana tulizila na bukari, ugali wetu, na pilipili, na mpaka leo sijapata samaki wa kushinda wale, hata mikebuka ya kuchoma ninayoipenda sana.

Baadaye nilikwenda kiwanjani na fimbo, kufukuza kuku na kunguru, huku cherehani ya fundi ikikereza nyuma yangu. Fundi alishona sare za shule za karitie nzima. Alikuwa na tabia ya kuacha pindo nene chini ya sketi ili mwaka unaofuata ishushwe. Mama zetu walimsifu. Sisi wasichana tulimlaumu, maana tulionekana tumevaa mapazia.

Kisha vita vikatukuta. Hilo sitalieleza sana. Kila nyumba ya hapa Fizi ina maneno yake juu ya miaka ile, na marehemu wengi unaowajua wewe ndio ninaowajua mimi. Tulivuka ziwa. Koko alizikwa ng'ambo. Tuliporudi upande huu tulishukia mjini Uvira, nikasoma, nikaolewa, nikapanga chumba hiki na kile. Nyumba ya koko ilikaa bila paa, mvua ikaimaliza, mjomba akauza kiwanja.

Niliporudi Baraka nilikuja kwa maziko ya siku moja tu. Nilitegemea kukuta majani. Badala yake nilikuta karitie ikirudi mahali pake. Kuta za zamani zilikuwa zinapigwa chokaa, kibao cha umeme wa jua kikiwaka juu ya paa lenye kutu, bomba la maji mahali tulipokuwa tukichotea dimbwini. Mkimbizi mmoja kutoka Burundi alikuwa amelima lengalenga, mchicha wetu, ndani ya kuta za nyumba isiyo na mwenyewe, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari, na wenye nyumba waliporudi walimwomba abaki alime uani. Kwenye kiwanja cha koko mwalimu wa shule alikuwa amejenga nyumba ndogo safi. Mlango wa pili, fundi bado alikuwa akishona, mvi kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

Nyumba yake alikuwa anaiuza. Bintiye aliyeko Lubondja alitaka akamlee huko. Bei yake ilikuwa ya kuwezekana; Uvira ingeninunulia choo. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka kuigeuza depo, ghala la bidhaa zake, naye aliongeza bei.

"Ule anataka kulalisha mifuko ya sima ya kujengea ndani," fundi aliniambia, akikata uzi kwa meno. "Mi nilizalia batoto munane humu. Nataka mutu apike humu. Lakini, mwanangu, kama majirani habakuje kushuhudia, sikupe. Kesho kutwa gari ya Lubondja iko inaondoka. Mi siwezi kuacha nyumba hewani."

Desturi yetu unaijua: karatasi ya shefu, mkuu wa mtaa, ni karatasi tu, kama wanaopakana nawe hawakusimama kwenye mpaka, wakaonyesha kwa mkono, wakala chakula chako. Nilikubali kwa furaha. Siku ileile, kwa haraka ya mtu aliyeota nyumba miaka mingi, niliagiza lori la matofali. Uvira nilijifunza kwamba nyumba isiyo na ukuta si nyumba. Niliwaambia vijana wayapange nyuma, kati ya jiko la fundi na ua wa mwalimu, yasije yakaibiwa barabarani. Walipanga vizuri, mpaka kifuani. Nikasimama nikayaangalia, nikaridhika.

Asubuhi ya ushahidi nilipika tangu giza. Bukari, sombe, kreti ya sukre, yaani soda, kwa walokole, kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wengine. Fundi alivaa koti. Viti tulivipanga barazani. Jua likapanda, sombe ikaganda juu, na hakuna aliyekuja. Mwalimu nilimwona akifagia kwake. Aliniamkia kwa adabu zote, akaendelea kufagia. Nikafikiri: mfanyabiashara ameshawapitia. Nilianza kuzuia machozi. Fundi alitazama gari lililokuwa likipakia magunia barabarani, akasema kwa upole, "Tungojee kidogo tena."

Ndipo nilipomwona yule mama. Alikuwa mzee, mwembamba, beseni kichwani, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kitenge. Alikuja kwa barabara kubwa, akihema, akasimama mbele ya baraza yetu bila kutua mzigo.

"Mama wa Uvira," akasema, "unapika mingi. Nani atakula?"

"Karibu, mama. Tunangoja majirani."

"Bakuje kupitia wapi?"

Sikumwelewa. Akamgeukia fundi. "Papa, ni huyu ndo mujukuu wa koko? Ule mwenye alikuwa anapigana na bata yako juu ya ndagala?"

"Ni yeye."

"Aa! Bata alikuwa na akili kumupita." Akacheka, na beseni halikutikisika. "We mutoto, unafunga njia ya bamama na matofali, kisha unaita batu bakuje kukula kwako? Tangu juzi tunazunguka mpaka sokoni. Shingo yangu iko inakuuliza."

Ndugu yangu, nilikimbia uani bila viatu. Matofali yalisimama pale, yamenyooka, katikati kabisa ya njia ambayo miguu yangu mwenyewe ilisaidia kuichimba. Chini yake mchanga ulikuwa umekauka.

Nilianza kuyabeba peke yangu. Mwalimu aliweka ufagio chini, akavuka, akajipanga upande wa pili. Mama alitua beseni lake kivulini akaita wenzake kwa sauti inayofika ufukoni. Wakaja. Tukafanya mstari, tofali likipita mkono kwa mkono, na kila tofali na utani wake.

"Hili tupeleke Uvira!"

"Mwalimu, shika vizuri, hii haiko chaki!"

"Mwachieni mujukuu yale mazito, yeye ndo alitaka ukuta."

Fundi naye alitaka kubeba. Wakamrudisha kwenye kiti na koti lake. Hakuna aliyenisema kwa ubaya. Nimeliona hili tangu siku ile: watu hawa wangeweza kuniacha niikose nyumba, na badala yake walimtuma mmoja, na mzigo kichwani, aje anifundishe njia. Wengi wao walizaliwa ng'ambo, makambini. Njia waliirithi kwa mama zao, waliporudi wakaifuata kati ya kuta zilizoanguka na nyasi, mpaka ikafunguka tena. Chokaa na vibao vya jua vilikuja baadaye.

Tulisimama kwenye mpaka, mwalimu akaonyesha kwa mkono, mama akaonyesha kwa mkono wenye magamba ya samaki. Sombe iliyoganda ililiwa yote. Fundi aliingia ndani, akaikunja kanda yake ya kupimia, akanipa ufunguo wa mlango wa mbele. Nikamwomba wa nyuma.

"Ule mlango haukuwa nayo," akasema. "Koko yako aliniambia, kama unaogopa mwizi, funga wa mbele. Nikamusikia." Kisha akapanda gari, cherehani imefungwa kwa kamba nyuma yake kama mgonjwa.

Ukuta nimejenga baadaye, wa mbele tu. Koko hayupo, mtwangio wake sijui ulikwenda na nani, na jiwe bapa nimelitafuta bila kuliona. Huenda liko chini ya msingi wa nyumba ya mwalimu. Bata hakuna. Asubuhi hazina tena mlio wa cherehani, na nikipita mbele ya chumba cha fundi masikio yangu bado yanaungoja. Nusu ya majina niliyokuwa nayaita uani hayana wa kuitika.

Wiki za kwanza bamama walipita wakinisalimia kama mgeni, haraka, macho mbele. Nilijua ninachongoja, na nilijua hakiombwi. Matofali machache yaliyobaki niliyapanga pembeni mwa jiko, chini chini, yakawa kama meza.

Kisha alfajiri moja mlango ukagonga, nikasikia miguu yenye maji mchangani, na sauti ikasema bila kusimama, "Mama, iko muzima?"

"Muzima," nikajibu, nikiwa bado kitandani.

Nilipotoka, walikuwa wameshapita. Juu ya matofali kulikuwa na ndagala za kiganja kimoja, ziking'aa kama fedha, zingali na mchanga. Nikaziokota, nikaingia jikoni. Mlango nikauacha wazi.