Nondo Kumi na Mbili

Watu wakisikia fulani ametoa kitabu, hudhani kuwa kesho yake anaacha kazi, ananunua kiti cha kuegemea na kuanza kutazama mbali. Msusi wetu alitoa kitabu siku ya Jumanne. Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa kwenye saluni yake ya mlango mmoja, akifumua kichwa kilichokaa miezi mitatu bila kuona maji. Tofauti ilikuwa moja tu: nakala mbili za riwaya yake zilisimama rafuni katikati ya chupa za shampuu, na kila mteja aliyeingia alizitazama hizo kwanza ndipo akamsalimia mwenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na ishirini kati ya hiyo aliimalizia nyuma ya vichwa vya wanawake wenzake. Huko nyuma ndiko alikokipatia kitabu. Maana mtu anayesukwa hamwoni anayemsuka. Anakaa kwenye kigoda, mabega yamebanwa na magoti ya msusi, uso umeelekea ukutani, na saa nne ni nyingi. Saa ya kwanza huzungumzia joto. Ya pili, mawifi. Ikifika ya tatu huusemesha ukuta, na ukuta huambiwa mambo ambayo hata mama mzazi hajaambiwa. Msusi alikuwa hodari wa kuguna tu. "Mh." "Weh!" "Kisha?" Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua mlango, aliyaandika yote kwa penseli kwenye daftari huku maji ya chai yakichemka.

Usimfanye mmbeya. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kubeba neno la mteja huyu kulipeleka kwa yule. Aliamini kabisa kwamba hadithi si umbeya, mradi ubadilishe. Na alibadilisha kwelikweli: mwalimu akamfanya muuguzi, mnene akamkondesha, mwenye watoto watatu akampa wawili, na marehemu mmoja akamfufua kwa sababu alimpenda.

Sura iliyompa jina ilikuwa ya dada yake. Huyu ni dada wa tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka sita na kumlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa akija kusukwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku moja, katika ile saa ya tatu, aliuambia ukuta kwamba mume wake akianza kumpiga yeye hapigi kelele, watoto wasisikie. Hutazama dirisha la chumbani na kuhesabu nondo. Zipo kumi na moja. Akizimaliza anaanza upya, na akifika mzunguko wa tano mara nyingi mume huwa amechoka. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kufua mashuka. Msusi akasema "Mh," mikono ikaendelea, machozi yakamdondokea dada kichwani, na dada akauliza kama mafuta yameanza kuyeyuka.

Kitabuni, dada akawa mke wa muuza mbao. Nyumba ikahamia mlimani, pazia likawa la kijani. Ila zile nondo msusi alishindwa kuziacha. Zilikuwa nzuri mno. Alihangaika nazo wiki nzima, mwisho akafanya roho ngumu, akaongeza moja zikawa kumi na mbili, akajiona kaficha. Mtu mzima na akili zake timamu!

Ukurasa huo ndio uliosomwa redioni. Mtangazaji aliumaliza, akasema hajui mwandishi kayatoa wapi mambo haya. Msusi alisikiliza akiwa na chanuo mkononi, furaha imemjaa mpaka kooni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ule dada hakutokea. Akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo.

Wateja wengine hawakumkimbia, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyenyoosha mistari kama yeye. Walikuja, ila walikuja na vinywa vyao wamevifunga. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Mama Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima. Huyo sasa alitia nyaya za simu masikioni tangu anakaa mpaka anainuka. Mwingine, karani wa benki, alisema kabla hajavua kitambaa, "Nisuke tu, usinisome." Wote wakacheka. Msusi naye akacheka, akaona aibu.

Basi zikawa saa nne za kusikia kitana kikipita kwenye nywele. Kila asubuhi alifungua daftari, akachonga penseli, akaandika tarehe, na chai ikapoa. Miezi saba ilipita hivyo, kurasa zina tarehe tupu.

Mhariri wake hakuacha kupiga simu. "Kitabu cha pili kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Umefika wapi?"

"Pazuri tu."

Uongo mtupu. Mhariri akamkumbusha kwamba wasomaji husahau haraka, akamshauri atembee, asome, abadilishe mazingira, eti akili itafunguka. Alitembea. Alisoma. Alijaribu kumtunga mtu kutoka kichwani, mtu asiyemjua kabisa, na mtu huyo akakaa kwenye karatasi kama koti lililotundikwa msumarini. Uchovu haukumtisha, maana uchovu aliuzoea. Alitishwa na wazo kwamba labda hakuwahi kuwa mwandishi, kwamba alikuwa sikio tu, na sasa sikio limenyimwa.

Mwezi wa nane, Jumamosi ya mwisho, saa tatu asubuhi, dada yake akaingia. Nyuma yake akaingia shemeji.

"Mwandishi!" shemeji akasema kwa bashasha. Alikuwa mcheshi, na nje ya nyumba yake watu wote walimpenda. Akavuta benchi, akakaa, akakunja nne. "Nimemleta mwenyewe. Na nitamsubiri hapa hapa."

"Ni saa nne nzima, shemeji. Utachoka."

"Mimi huwa sichoki." Akanyoosha mkono rafuni, akachukua kitabu. "Nimekisoma chote, ujue. Una kipaji. Ila kuna mahali umekosea."

"Wapi?" msusi akauliza.

"Zile nondo. Umeandika kumi na mbili. Nimezihesabu mwenyewe pale chumbani, mara mbili. Ni kumi na moja." Akatabasamu. "Hiyo moja umeiongeza wewe, au kaiongeza dada yako?"

"Ni hadithi tu, shemeji."

"Najua ni hadithi. Nasema tu, mtu akiandika, aandike kitu sahihi."

Dada alikuwa ameshakaa kigodani, anautazama ukuta. Msusi akamfungua kitambaa, akaanza kupasua njia. Juu ya sikio la kushoto vidole vyake vikasimama. Nywele zilikuwa zimeng'olewa, pamebaki kipara cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, na katikati yake kidonda kilichoshonwa nyuzi nne, bado kibichi. Nyuma yao shemeji alikuwa akifungua kurasa na kucheka peke yake.

Saa ya pili simu ya shemeji iliita, akatoka nje kuipokea. Msusi akainama mpaka mdomo ukagusa sikio la dada yake.

"Amekufanya nini?"

"Suka."

"Dada, usirudi. Nafunga mlango sasa hivi, naita watu."

"Watoto kawapeleka kwa mama yake jana. Kasema watarudi nikirudi. Suka."

"Basi niambie tu. Niambie, dada yangu."

Dada hakugeuka. "Nilikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kusemea," akasema polepole. "Hapa, kwenye hiki kigoda. Nawe ukapapeleka redioni. Sina neno na wewe. Ila sina tena pa kusemea." Akavuta pumzi. "Nitafutie mtindo utakaofunika hapo. Jumatatu naenda kazini."

Shemeji akarudi, na msusi akasuka. Aliziazima nywele za pembeni, akazivuta kuelekea kisogoni, akaipindisha mistari taratibu ikakilalia kile kidonda bila kukibana. Mistari kumi na mitatu. Hata upepo ungevuma, mtu asingeona kitu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na aliifanya huku moyo unamuuma kwa uchungu na kwa hatia.

Sasa niseme lile ambalo yeye mwenyewe hatamwambia mtu. Vidole vikiwa pale pale, kandokando ya nyuzi nne, sentensi ilimjia. Ilikuja nzima, na mkato wake mahali pake, ya kwanza katika miezi saba. Akaifukuza. Ikarudi, na nyuma yake ikaja nyingine.

"Ahsante, umenisuka vizuri," dada alisema alipoinuka, kwa sauti ileile ya wateja wengine.

"Ona alivyopendeza!" shemeji akasema, akamshika mkewe kiwiko, wakaondoka.

Ilikuwa saa saba mchana. Msusi akamwomba mteja aliyefuata arudi jioni, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda, bado kina joto. Akatoa simu. Alikuwa na mjomba, mtu pekee ambaye shemeji alimwogopa, na alikuwa amekata shauri kumpigia na kumweleza kila kitu. Jina la mjomba likatokea kwenye kioo. Akaiweka simu benchini kidogo, dakika moja tu, ashike penseli kwanza, ile sentensi isije ikapotea.

Aliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Benchini simu ilijizima mwanga. Zilikuwa kurasa nzuri, na alijua. Dada sasa alikuwa fundi cherehani asiye na mtoto. Kidonda kilihamia sikio la kulia. Alipofika kwenye nywele akaandika kwamba ilisukwa mistari kumi na mitatu. Akasita, akageuza penseli, akafuta, akaandika kumi na minne.