Kurasa Nne za Mwisho za Golikipa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Tanga, sikugusa kitabu hata kimoja. Fundi Mkuu wa karakana ya kujalidi vitabu alinipa chungu cha unga wa ngano na maji, akaniambia nikoroge mpaka pasiwe na donge. Uji ule ndio uliokuwa gundi yetu. Nilikoroga asubuhi nzima. Alipokuja alichovya kidole, akakisugua, kisha akamwaga chungu chote uani.

"Koroga tena," alisema. "Donge la leo huonekana baada ya miaka hamsini, na wewe hutakuwepo kuomba radhi."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kwanza gundi, kisha kukunja karatasi kwa kipande cha mfupa uliolainishwa, kisha kushona. Kitabu hakishonwi ukurasa kwa ukurasa. Karatasi hukunjwa mafungu mafungu, na kila fungu hushonwa kwa mwenzake kwa uzi wa kitani, mpaka unapata mgongo. Jalada huja mwisho kabisa. Nilikaa Tanga miaka sita, nikahamia Dar es Salaam kwenye kiwanda cha uchapaji, chini ya Mkuu wa Kitengo aliyekuwa haongei ila kwa kuguna. Kiwanda kilipopunguza watu nikafunga mizigo nikaja Johannesburg.

Hapa nilizunguka sana kabla ya kurudi kwenye ufundi wangu. Nililinda mageti, nikauza mikanda barabarani. Mwishowe nikapata nafasi mtaa wa Marshalltown, ghorofa ya pili, katika karakana iliyojalidi vitabu vya mawakili na kutengeneza vile vilivyozeeka. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa Lubumbashi, mpole, mwenye haraka. Baada ya miaka michache alinikabidhi meza ya matengenezo. Hapo nilijifunza kuosha karatasi. Vijana hushtuka nikiwaambia, lakini karatasi nzuri ya zamani huoshwa kwa maji kama nguo: uchafu hutoka, gundi iliyooza huyeyuka, nayo karatasi ikikauka huwa na nguvu kuliko mwanzo. Sharti lake ni moja. Kabla ya kuosha unaweka tone la maji juu ya herufi moja, unabana kwa karatasi ya kukaushia, unaangalia kama wino umetoka. Ukitoka, huoshi.

Kazi ninayotaka kuieleza ililetwa na mwanamke mzungu wa mtaa wa Troyeville, mzee wa miaka themanini na zaidi. Nitamwita Bibi Edna. Macho yake yalikuwa yamekwisha, akiona mwanga na vivuli tu. Alikuja kwa kushikwa mkono na jirani yake, akaweka mezani daftari lililovimba kwa unyevu.

Lilikuwa la baba yake. Kabla ya kuja huku kufanya kazi migodini, baba huyo alikuwa golikipa wa klabu ndogo ya mpira kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ile kati ya vita kuu mbili. Daftari lilikuwa la msimu mmoja tu, msimu wake wa mwisho. Kila Jumamosi baada ya mechi aliandika habari zake.

Nililisoma lote nikilifungua fungu kwa fungu. Mwanzoni mwandishi wake alikuwa na furaha. Aliandika juu ya fulana ya sufu iliyomwasha shingoni, na juu ya mpira wa ngozi ulionyonya maji ya mvua hata mtu akiupiga kichwa huona nyota. Halafu wakaanza kufungwa. Beki wao alivunjika mbavu akabaki uwanjani mpaka filimbi ya mwisho, kwa sababu siku hizo hapakuwa na wa kuingia badala. Siku ya Krismasi walicheza wakafungwa, na kesho yake wakacheza na watu walewale wakafungwa tena. Kufikia majira ya kuchipua walikuwa mkiani, na katika daraja lao waliobaki mkiani walilazimika kwenda kuomba kura za klabu nyingine ili wabakishwe kwenye ligi. Sare moja tu katika mechi ya mwisho ingewaokoa wasifike huko.

Kurasa nne zilizoeleza mechi hiyo zilikuwa zimegandana kwa gundi na unyevu. Hakuna aliyewahi kuzisoma.

"Walifungwa bao moja, dakika za mwisho," Bibi Edna aliniambia. "Wakaenda kwenye kura wakatupwa nje. Klabu ikafa. Pale mjini watu walisema baba yangu aliliachia lile bao makusudi, kwamba alikuwa amenunuliwa. Walimtemea mate mama yangu sokoni. Ndiyo maana tulikuja huku."

"Yeye mwenyewe alisemaje?"

"Hakusema. Alipokuwa anakufa alinipa hili daftari akaniambia, 'Nimeandika.' Basi. Kurasa hizo zilikuwa zimeshagandana. Nataka kujua kabla sijafa, hata kama ni kweli."

Zilikuwapo njia mbili za kuzitenganisha kurasa zile. Ya kwanza ni mvuke: unaziweka kwenye sanduku lenye unyevu, unaziachanisha kidogo kidogo, wiki mbili au tatu. Ya pili ni beseni la maji, na kazi inakwisha siku hiyohiyo. Msimamizi alikuja mezani kwangu Ijumaa moja asubuhi.

"Papa Salimu, hii kitabu iko hapa mwezi wa pili. Mama anapiga simu kila siku. Itaisha lini?"

"Leo," nikamjibu.

Hakunilazimisha. Sitaki mtu amlaumu. Kurasa zote za mwanzo nilikuwa nimezijaribu kwa tone, na wino wake ulikuwa imara. Zile nne, pembeni palipofunguka kidogo, nikaona zimeandikwa kwa penseli, na penseli ya kawaida haiogopi maji. Sikuweka tone. Nilikuwa na miaka thelathini ya kazi, nikaona najua.

Nilizilaza kwenye beseni. Baada ya muda zikaanza kuachana, nikaingiza kipande cha mfupa katikati, na ukurasa wa kwanza ukafunguka kama jani. Nikasoma maneno yaliyokuwa juu: "Niliuona mpira vizuri tangu ulipotoka mguuni mwake, na..." Hapo herufi zikageuka zambarau.

Ilikuwa penseli ya wino. Ikiwa kavu huitofautishi na ya kawaida, lakini ikiguswa na maji huwa wino mtupu, nao hukimbia. Nilizinyanyua kwa mikono yote miwili. Maji ya zambarau yalinitiririka mpaka viwikoni. Nilipozitandaza juu ya karatasi ya kukaushia zilikuwa zimebaki doa moja tu, kurasa zote nne.

Msimamizi alikuja akaziangalia.

"Eish," alisema polepole. Halafu akasema, "Mama haoni. Shona kitabu, Papa. Peleka."

Nami nikashona. Sijawahi kushona kitabu vizuri kama kile.

Nilikipeleka mwenyewe Troyeville. Bibi Edna alikuwa ameketi sebuleni, amevaa kama mtu anayetoka kwenda kanisani. Alikipapasa kitabu, mgongo na kona zake, akatabasamu. Kisha akanirudishia. "Nisomee za mwisho."

Nilikuja na nia ya kumwambia. Naapa nilikuwa nayo. Lakini nilifungua, nikaliona lile doa, nikamtazama usoni, na mdomo wangu ukaanza kusoma. Nikasema mvua ilikuwa kubwa, mpira umelowa, na ulipokuja aliushika ukamponyoka. Nikasema alilia katika chumba cha kubadilishia nguo, na kwamba hajawahi kupokea kitu kwa mtu yeyote.

Bibi Edna alifunika uso kwa leso. Nikadhani nimemfanyia wema.

"Tena," akasema. "Nisomee tena pale mpira ulipokuja."

Nikasoma tena. Akili ilikuwa imetawanyika. Nikasema mpira ulikuja juu, naye jua likampiga machoni.

Alitoa leso usoni. Hakukasirika. Alinielekezea tu yale macho yake yasiyoona.

"Mara ya kwanza ulisema mvua."

Nilikifunga kitabu.

"Asante, fundi," alisema. "Kiweke mezani. Mlango unaujua."

Niliondoka. Nilijiambia nitarudi Jumapili kumweleza kweli, kisha Jumapili nyingine. Ilinichukua miezi mitano. Nilipogonga lile geti akatoka kijana nisiyemjua, mpangaji mpya. Jirani ndiye aliyeniambia kuwa Bibi Edna alifariki wakati wa baridi, hakuwa na mtoto, na wenye nyumba waliweka vitu vyake nje. Nguo zilichukuliwa na wapita njia. Vitabu na karatasi walivizoa wale wanaokokota magunia ya makaratasi kupeleka kwenye mizani kuuza kwa kilo.

Nilifanya kazi miaka saba mingine, mpaka karakana ilipofungwa. Kila karatasi niliijaribu kwa tone, hata zile zisizohitaji, na wenzangu walinicheka. Sasa nakaa Yeoville kwa binti yangu anayesuka nywele. Wajukuu wananielewa nikisema Kiswahili, ila wananijibu kwa Kizulu. Msikitini vijana wakiniuliza habari za kazi nawaeleza misahafu niliyoirudishia majalada, na wanapenda kusikia. Hili sijawaeleza. Mke wangu naye alikufa hajui.

Watu husema muda hupunguza. Kwangu umeongeza. Nikilala naimalizia ile sentensi ya golikipa kwa namna mia, na kila namna inaweza kuwa kweli. Baba yake Bibi Edna aliandika jibu kwa mkono wake, likakaa salama miaka yote ile, likavuka bahari, likapita kifo chake mwenyewe, likafika mezani kwangu. Bibi Edna alikufa akijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba mimi nilimdanganya.