Miiba Niliyoiondoa kwenye Picha

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kokoto. Goti langu lililisukuma, likabingirika umbali usiozidi kiganja, likapotea nyuma ya shina la ua nililokuwa nikilipiga picha. Nilitegemea kulisikia likitua kwenye nyasi. Badala yake palipita kimya kirefu kupita kiasi, kisha, kutoka mahali fulani chini yangu, nikasikia maji.

Sikusogea. Mbele yangu lilikuwa ua la Gloriosa superba, petali zake sita nyekundu zenye kingo za njano zikiwa zimepinda kurudi nyuma. Dakika chache kabla nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba ncha za majani ya mmea huu hujikunja na kushika chochote kilicho jirani. Sasa niliona kwamba ncha mojawapo ilikuwa imeshika unyasi mkavu, na unyasi ule ulining'inia. Chini yake hapakuwa na ardhi.

"We mwenye kamera!" Mwanamke aliita kutoka nyuma yangu. "Usisimame. Rudi nyuma kwa magoti hayohayo."

Nilirudi kwa magoti mpaka nikahisi mkono wake ukinishika ukosi wa shati. Alikuwa mama mtu mzima, nywele zake nyeupe kwa vumbi la mawe; yeye na wenzake wawili walikuwa wakiponda mawe chini ya turubai, hatua thelathini hivi kutoka pale, na tulikuwa tumeamkiana asubuhi nilipopita. Alitazama rundo la matawi ya mgunga nililokuwa nimelivuta pembeni.

"Nani kaondoa miiba?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaharibu picha."

Aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Duara limefunuliwa kwa sababu lilikuwa linaharibu picha!"

"Angeingia humo tungempiga picha gani?" mmoja akajibu, nao wakacheka, nami nikacheka pamoja nao kwa sababu meno yangu yalikuwa yakigongana na sikujua namna nyingine ya kuyaficha.

Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mimea inayorudi kuota kwenye ardhi iliyochimbwa na kuachwa. Nilianzia viunga vya Shinyanga, ninakoishi, nikaelekea magharibi hadi Nyarugusu kwa sababu huku mashimo ni mengi na udongo uliofukuliwa huota maua ambayo kwenye malisho ya kawaida sikuyaona. Kila ua hulipiga picha mara mbili: kwanza kama nilivyolikuta, kisha baada ya kuondoa vijiti na majani makavu yanayoficha shina, maana bila shina na upande wa chini wa jani utambuzi hubaki kuwa kubahatisha. Nilijivunia utaratibu huo.

Mama yule aliniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Duara, kama wanavyoliita shimo la mchimbaji, likiisha dhahabu na wachimbaji wakahama, aliyelichimba hulifunika kwa matawi ya miiba. Nyasi huota na kuuficha mdomo wa shimo, lakini mtu au ng'ombe akikutana na miiba iliyokatwa na kulazwa chini, hujua kwamba hapo hapapitiki. Hakuna kibao, hakuna utepe. Miiba inatosha.

"Na mimi nilidhani ni kuni," nikasema.

"Kuni za mgunga, mtu aziache zioze? Yaya!" Alikataa kwa Kisukuma, akitikisa kichwa. Wakati huo mwenzake mmoja alikuwa tayari amekwenda kuirudisha miiba ile mahali pake.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa mzima, na kisa cha kuwasimulia wanafunzi wenzangu. Lakini akili yangu haina desturi ya kuishia mahali. Siku iliyotangulia nilikuwa katika kitongoji kingine, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Niliwasha kamera na kurudi nyuma picha kwa picha, nikizitazama zile za kwanza tu, zile za kabla ya kusafisha. Katika maua kumi na moja, matatu yalikuwa na matawi ya mgunga nyuma yake. Katika picha za pili, nyuma ya maua yaleyale, palikuwa safi kabisa.

Mashimo matatu yalikuwa wazi tangu jana kwa mkono wangu, na pale ni malisho.

Daftari langu lilikuwa na namba ya mwenyekiti wa kitongoji kile. Aliiandika mwenyewe nilipokwenda kujitambulisha. Nilifikiri kwanza kwenda mwenyewe na kuirudisha miiba kimyakimya, lakini dereva wa pikipiki alikuwa ameondoka, tukiwa tumekubaliana anifuate jioni. Nikafikiri kwamba huenda matawi yale kweli yalikuwa kuni. Nikafikiri kwamba wangezuia utafiti wangu, kisha nikaona aibu kwa kufikiri hivyo. Nikaanza kuandika ujumbe: "Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima." Nikafuta. Nikaanza upya.

"Unaandika barua ya kuomba kazi?" Mama alikuwa ameegemea nyundo yake, akinitazama. "Ng'ombe hawasomi hiyo. Piga!"

Nikapiga.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni yule mwanafunzi wa maua. Jana nimefanya kosa kwenye eneo lako." Nilimweleza yote bila kupumzika: miiba, picha, mashimo matatu. Akamwita mtu na kusema naye Kisukuma kwa muda.

"Kumbe ni wewe," akasema aliporudi. "Mawili wachungaji waliyakuta asubuhi, wakarudisha miiba. Tumeshinda tukiwalaumu mbuzi wa jirani yangu. Hilo la tatu liko wapi?"

Nilimsomea namba za mahali kutoka kwenye kifaa changu, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Binti, hizo mimi nitazifanyia nini? Niambie, ulisimama wapi? Pana nini hapo?"

Nilirudi kwenye picha ya kwanza na kuikuza. Ua lilijaa mbele; nyuma yake palikuwa na ukungu wa kijani, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka. Nikaikuza zaidi. Kwenye kona ya juu kulikuwa na tawi, na kwenye tawi matunda makavu, bapa, ya mviringo, kila moja likiwa na bawa jembamba ukingoni na kishada cha vinyweleo vigumu katikati. Mti huo siwezi kuukosea.

"Pana mninga," nikasema. "Mninga mkubwa, wenye matunda. Na kichuguu upande wa kulia."

"Mninga? Umebaki mmoja tu huku, mingine imekwisha kwa mbao." Sauti yake ilibadilika. "Hapo ndipo ng'ombe wanapita kwenda lamboni. Wako njiani saa hizi. Usikate simu, si mbali na kwangu."

Nilimsikia akipumua na kukimbia, ndala zake zikipiga ardhi. Mama alisogea na kuweka sikio karibu na simu yangu. Kwa mbali tukasikia kengele za ng'ombe, mluzi, mtu akifokewa asimame hapohapo na mifugo yake. Kisha palisikika kuburutwa kwa matawi, mara moja, mara mbili, na guno.

"Tayari," akasema mwenyekiti, pumzi zikimwisha. "Hajaingia mtu wala mnyama. Nyasi za mdomoni zimesimama kama zilivyokuwa."

Nilitaka kushukuru kwa sentensi kamili. Kilichotoka ni kilio, kikubwa na cha hovyo, mbele ya wanawake watatu wenye nyundo. Mama akanipigapiga mgongoni.

"Sasa wewe unalia nini?" mwenyekiti akauliza kwenye simu. "Aliyechomwa miiba ni mimi."