Nilimtangaza Mama Mkwe Kabla Hajafa

Kosa ni langu jamani, msinitafutie mtu wa kumsingizia. Ninasimamia kompyuta za redio moja ndogo hapa Geita, na mama mkwe wangu nilimtangaza amekufa akiwa hai. Mara mbili!

Mara ya kwanza nina utetezi. Shemeji, kaka wa mke wangu, alinipigia kutoka Masumbwe analia: "Mama ametutoka!" Kumbe alikuwa amezimia. Mimi mkwe mwenye kiherehere nikarekodi tangazo, nikaliweka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya redio, programu ya matangazo ilirudie kila saa. Jioni mama mkwe akafumbua macho, akaomba uji.

Nikaizima ile programu ya matangazo. Hapo ndipo uvivu uliponiponza. Kuizima ni jambo moja, kuizuia isijiwashe mashine ikiwaka upya ni jambo jingine. Ni amri moja fupi tu, na nilikuwa naijua! Nikasema nitafanya kesho.

Wiki iliyofuata umeme ukakatika, ukarudi. Seva ikawaka, programu ikaamka nayo. Mimi niko Kalangalala kwa mama ntilie nakula wali maharage, nasikia sauti yangu mwenyewe redioni ikitangaza msiba kwa huzuni. Ndugu wakapanda magari na magunia ya mahindi hadi Masumbwe, wakamkuta marehemu uani anamenya karanga.

Kwetu mkwe hasemeshani ovyo na mama mkwe, basi mama akamtuma mke wangu, Mama Kulwa: "Kamuulize mwenzio ana haraka gani."

Ndipo nikaizuia. Nikawasha mashine upya nimekaa mbele yake. Kimya. Nikajisifu.

Mwezi uliopita mama mkwe akafa kweli. Nikasoma tangazo mwenyewe, moja kwa moja hewani, huku nalia. Watu wakasema, "Mashine ya mkwe imeanza tena."

Ole wangu! Alipokuwa hai walijaa ua mzima kumlilia. Tulipomzika, hata wabeba jeneza hawakutosha, tukaomba vijana wa bodaboda pale stendi. Mmoja akaniuliza kama nina hakika.

Mama Kulwa hajanigombeza. Tangazo la msiba likianza redioni, anainuka anazima.

Wenzangu mnaoshika seva, msiizime tu programu mkaenda kula. Izuieni isijiwashe, kisha washeni mashine upya mkae muangalie, siku hiyo hiyo. Mimi nilisema kesho, na mama wa watu akazikwa na bodaboda.