Utani Nilioupeleka Johannesburg

Sikwenda Johannesburg kutembea. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu Konsolata alimpigia mama simu akamwambia kwamba kiwandani anakoshonea sare za shule anaitwa jina baya kila siku, kwamba amelalamika kwa mwenye kiwanda, kikao kimepangwa, na hana hata mtu mmoja wa kukaa upande wake. Mama akanigeukia mimi. "Wewe si mwalimu? Si unajua Kiingereza? Nenda kamsemee mdogo wako."

Konsolata aliolewa na Themba, mmoja wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokaa kambini karibu na kwetu Morogoro. Kwao kulipokuwa huru alimfuata mumewe. Themba alikwisha kufariki, na Konsolata amebaki na binti yao Lindiwe, ambaye anasikia Kiswahili lakini hukijibu kwa Kizulu.

Mpaka Tunduma safari ilikuwa ya kawaida, vumbi na chai ya rangi. Lusaka tulibadili basi, na hapo akaketi pembeni yangu mfanyabiashara wa vitenge kutoka Lubumbashi, mtu mpole, aliyefurahi kupata wa kuzungumza naye. Tulipokaribia Beitbridge, mpaka wa mwisho, akashusha sauti.

"Kule usiseme Kiswahili na nguvu, kaka. Batakuita kwerekwere, jina baya ya bageni beusi. Basema luga yetu ni makelele tu, kwere kwere."

Nilicheka. Nikamwambia sisi Waluguru tumeitwa mengi na watani wetu Wanyamwezi, na hatujafa. Yeye hakucheka. Akageukia dirishani mpaka tulipofika kituo cha Park Station.

Johannesburg nilipokelewa na Konsolata mwenyewe, amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Tulitembea kwa miguu hadi Bertrams anakoishi, nyuma ya uwanja mkubwa wa mpira. Njia nzima alinisimulia habari za mama, za jirani, za bei ya mchele, kwa furaha. Lakini tukifika penye taa za barabarani, ambazo yeye huziita robot, na watu wakajazana kungoja kuvuka, alinyamaza ghafla katikati ya sentensi, akaimalizia ng'ambo. Mara ya tatu nikamuuliza ana nini.

"Nimezoea tu, kaka. Twende."

Nilichukia. Mtoto wa baba yangu anameza maneno yake barabarani kama mwizi!

Kesho yake mchana nilimpelekea chakula kazini, Doornfontein, kwenye jengo la matofali lenye viwanda vidogo kila ghorofa. Nikiwa bado mlangoni nikasikia mwanamke akiita kwa Kiingereza, "We kwerekwere, mkasi wangu uko wapi?" Chumba kizima kikacheka. Aliyeita ni Nomsa, mkata vitambaa, mama mnene mwenye uso mzuri. Konsolata akaupeleka mkasi bila kuinua macho. Ndivyo nilivyopata kuwa shahidi.

Nikitoka nikakutana na mwenye kiwanda, mzee Makei, mzungu mrefu mwenye mikono ya fundi. Nilimwamkia kwa heshima, nikasema nafurahi kumwona Mwingereza anayefanya kazi pamoja na watu wake. Uso ukamwiva.

"Mimi si Mwingereza, mwalimu. Mimi ni Mskoti."

Nikaomba radhi, naye akanieleza, palepale kwenye ngazi, kana kwamba alikuwa akimngoja mtu wa kumweleza. Kwao Uskoti wamerudishiwa bunge lao, lakini uhuru kamili bado, na yeye hataki kufa kabla ya kuuona. Alipokuwa kijana alifanya kazi London, na Waingereza walimwita mla uji, walimwita bahili, kila siku ya Mungu, mpaka akaiacha kazi na kupanda meli. Aliyasema hayo macho yamemlowa, baada ya miaka yote ile.

Jioni nilimwambia Konsolata atulie, kesi tumeshinda. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Aliumwa yeye," alisema Konsolata. "Sijui kama anajua kuwa na wengine wanaumwa."

Nikamuuliza anataka nini hasa, Nomsa afukuzwe? Akakataa. Nomsa ana watoto. "Nataka mwenye kiwanda aseme kuwa ni tusi, lisitamkwe mle ndani. Huko njiani waniite wapendavyo. Lakini mle nakaa tangu asubuhi mpaka jioni, kaka. Nataka mahali pamoja tu."

Ijumaa tukakaa ofisini: mzee Makei, Nomsa, Konsolata na mimi. Nilisema nilichosikia. Nomsa hakukana.

"Eish, ni mchezo tu. Mimi mwenyewe humu naitwa tembo, nalia? Mume wake alitupigania, tunamheshimu. Lakini huyu hakupigana. Huyu alikuja kula."

"Hilo la kula liache," mzee Makei alisema. Akasugua kidole chake. "Kanuni yetu inakataza ubaguzi wa rangi. Hapa nyote ni weusi. Kule London nilitukanwa na weupe wenzangu. Iliniuma, lakini sikupata kuiita ubaguzi wa rangi. Nikiiita hii hivyo leo, ile yangu ilikuwa nini?"

Haikuwa hila. Nadhani kweli alitaka kujua. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, kwenu Tanzania makabila hayatukanani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwalimu akiulizwa habari za kwao kwa adabu hunenepa kichwa. Nilimweleza utani wetu kwa raha zangu zote. Nikasema Mnyamwezi huniita mtumwa wake mbele ya wanafunzi wangu, nami humjibu mabaya zaidi, na hakuna anayenuna. Nikasimulia jinsi siku ya maziko ya baba mtani wetu alivyojilaza ndani ya kaburi, akasema Mluguru huyu mchoyo hazikwi mpaka yeye apewe jogoo. Konsolata alinikanyaga mguu chini ya meza. Niliendelea. Nomsa alicheka mpaka akafuta machozi, na mzee Makei naye akacheka, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni mila yenu pia," alisema.

"Tena mila nzuri sana," nikajibu.

Akaamua kwamba si ubaguzi wala si tusi, ni mzaha wa watu wanaofanya kazi pamoja, na kwamba Konsolata ajitahidi kuupokea kama watu wa kwao wanavyoupokea. Nomsa akampa mkono, kwa roho safi kabisa.

Tulirudi Bertrams. Pale mlangoni Konsolata akaniuliza, "Yule Mnyamwezi aliyelala kaburini, kaburi lile alilichimba nani?"

"Yeye na ndugu zake."

"Na siku zote za matanga, aliyempikia mama uji na kumwogesha?"

"Mkewe."

"Hilo hukumwambia."

Nilimwomba turudi wote nyumbani. Akatikisa kichwa. Lindiwe ni mtoto wa hapa. Akienda kwetu na Kizulu chake, aliuliza, watamwita nani?

Jumatatu nilikwenda Doornfontein peke yangu kumalizia maelezo yangu: kwamba anayekutukana kwa utani ndiye anayelazimika kukuzika, na asiye na wajibu huo hana ruhusa ya tusi. Mzee Makei alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Limekwisha, mwalimu. Sasa wanaelewana. Sikiliza mwenyewe."

Ndani Nomsa aliita, "Kwerekwere, lete uzi!" Wakacheka wote, na katikati ya vicheko nikaisikia sauti ya mdogo wangu, naye anacheka.

Sikumbuki mengi ya njia ya kurudi. Yule mzee sikumchukia, na hilo ndilo linalonisumbua. Tangu hapo nimejua kwamba mtu anaweza kulilia nchi yake kwa machozi ya kweli na asisikie kilio cha nchi nyingine. Mwenzake ni mimi, niliyeisifu mila yetu mpaka nikamnyima mdogo wangu hata haki ya kununa.

Nilipofika Morogoro mama alikuwa ananingoja barazani. Hakuniuliza habari za kesi. Aliuliza kama Konsolata ni mzima.

"Mzima, mama," nilimwambia. "Anacheka."

Mama akamshukuru Mungu.